Pawa so ya marehemu baba: usiitupe, anza na cheche

Pole kwa kumpoteza mzee. Umeuliza kama ile pawa so yake ya Stihl 070 iliyokaa stoo Dagoretti miaka 15 bila kuwashwa inafaa kuuzwa kwa kilo. Tafadhali usiiuze. Hiyo ni injini ya 106 cc, chuma kitupu, na nimeona nyingi zikiamka.

Usiendelee kuvuta kamba kwanza. Toa plagi, chungulia ndani ya silinda na tochi, kisha tia matone machache ya oili na uzungushe polepole. Ikizunguka bila kukwaruza, rudisha plagi kwenye waya wake, iguse chuma cha injini, uvute. Hakuna cheche? Zile za zamani zina pointi, yaani viguso vidogo vya kuzalisha cheche, chini ya gurudumu la sumaku, na pointi hushika kutu. Yangu ilikuwa na utando wa kijani. Nikapitisha msasa laini mara tatu, nikafuta na kitambaa kikavu, cheche ya buluu ikaruka.

Petroli ya zamani mwaga yote. Mpira wa petroli utakuwa umekauka kama kijiti, na kiwambo cha kabureta, ule utando mwembamba wa ndani, vilevile. Tafuta vipya Kirinyaga Road, Nairobi, ubebe vya zamani mkononi ulinganishe. Changanya oili ya tu-stroki moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita ya petroli.

Nakuomba jambo moja, ndugu yangu: mashine za enzi hiyo nyingi hazina breki ya mnyororo. So ikiruka kukurudia, hakuna cha kuusimamisha mnyororo. Usikate na ncha ya baa, ule upanga unaozungukwa na mnyororo, kamwe.