Hexal haikuanzia Novartis
Hapana mkuu, umesema Hexal, ile kampuni ya dawa ya Ujerumani, ilizaliwa na Novartis, kampuni kubwa ya dawa ya Uswisi, ila sivyo. Ilianzishwa 1986 na mapacha wawili Wajerumani, Andreas na Thomas Strüngmann, makao yake Holzkirchen karibu na Munich, wakawa wanatengeneza jeneriki, yaani dawa ileile ambayo patenti yake imeshaisha ila bei chee. 2005 ndo wakawauzia Novartis, wakaachia na hisa zao za Eon Labs, kampuni ya jeneriki ya Marekani, mzigo wote kama euro bilioni 5.65 hivi, si mchezo! Hexal ikawekwa chini ya Sandoz, kitengo cha jeneriki cha Novartis, nayo Sandoz ikajitenga na Novartis 2023. Utamu sasa, mapacha hao hao ndo waliweka hela kwenye kampuni ya BioNTech ilipoanza 2008, wale wa chanjo ya korona na Pfizer.