Wamemuita mama mwizi magazini na alikuwa amelipa: msamaha unadaiwa namna gani

Ndugu yangu, narudia swali lako kwa kifupi ili kila msomaji aelewe. Mama yako alisimamishwa mlangoni mwa magazini, yaani supamaketi, moja ya katikati ya mji, hapa Lubumbashi. Mlinzi akamwaga vitu vya sakoshi yake mbele ya watu na kusema ameiba sabuni. Tike, yaani risiti ya malipo, ikaonekana, sabuni zimelipwa. Meneja akamvuta ofisini, akamwambia pole, akampa vocha ya dola 10. Mama ameikataa, na unauliza kama kuna njia ya kupata msamaha wenyewe.

Njia iko. Na mama alifanya vizuri kukataa vocha. Neno limesemwa mlangoni, mbele ya watu, kwa sauti. Pole ya ofisini, mlango umefungwa, haiwafikii wale waliosikia. Msamaha unaofaa ni ule unaorudi mahali neno lilipotoka. Shika hilo, maana magazini itajaribu kukutoa hapo kila hatua.

Anza na vitu vinavyopotea haraka.

Tike kwanza. Karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto, kwa hiyo joto lile lile, jua na mafuta ya mikono vinaiharibu. Usiipeleke kuplastifiwa, yaani kufunikwa na plastiki: ile mashine ina moto, tike itatoka nyeusi yote na hutasoma kitu. Ipige picha leo kwenye mwanga wa mchana, toa fotokopi 2, yenyewe uitie katika bahasha kavu. Kisha soma kilichoandikwa juu yake: tarehe, saa na dakika, namba ya kese (meza ya kulipia), namba ya siri ya mlipishaji, namba ya tike. Kwa hizo, malipo yanaweza kutafutwa ndani ya mashine hata karatasi ikififia. Mama akikwambia "ilikuwa saa kumi hivi", wewe katika barua andika 16:20 kama tike inavyoonyesha, wasije wakapata pa kubishia.

Kama umeme ulikuwa umekatika na walimwandikia fakture (hati ya malipo) kwa mkono, sema hivyo waziwazi katika barua. Mlinzi wa mlangoni amezoea tike ya mashine. Fakture ya mkono isiyo na kashe (muhuri) anaiona karatasi ya bure. Kama ni mlango uliolia, eleza pia. Mlango unalia kwa sababu kibandiko cha kuzuia wizi hakikuzimwa: mlipishaji anatakiwa kukipitisha juu ya kile kibao cha kukizima, na foleni ikiwa ndefu anasahau. Wakati mwingine kibandiko ni cha kiatu au nguo iliyonunuliwa magazini nyingine wiki iliyopita. Mlio unathibitisha kwamba kibandiko kingali hai, basi. Kuhusu nani amelipa hausemi lolote.

Pili, kamera. Mashine inayohifadhi picha ikijaa inafuta za zamani yenyewe na kuandika juu yake, na magazini nyingi hazina diski kubwa. Kwa hiyo usingoje barua kubwa. Peleka karatasi fupi leo au kesho, mistari 3: "Tunaomba picha za kamera ya mlango na ya kese namba 4, tarehe fulani, kuanzia 16:00 mpaka 17:00, zihifadhiwe." Usiombe wakupe, omba wahifadhi. Meneja anakataa kwa urahisi kutoa picha, lakini ni vigumu kwake kuandika kwamba anakataa kuzihifadhi. Na zikifutwa baada ya kupokea karatasi yako, jaji atauliza kwa nini. Kode ya Numerike, sheria ya mambo ya kidijitali, ya 13/3/2023 inamlinda mtu kuhusu data zake binafsi, na sura yake iliyonaswa na kamera ni moja ya hizo, itaje.

Tatu, mashahidi. Unahitaji 2 wasio wa familia. Watu wanafikiria wateja wengine, na wateja wamekwisha kwenda. Wale wanaobaki palepale kila siku ndio wa kutafuta: mama wa kabini anayeuza yuniti karibu na mlango, kijana anayebeba mizigo mpaka kwenye taksi, muuza mikate. Chukua jina, namba ya simu, na maneno waliyosikia, kama yalivyosemwa, na kwa lugha iliyosemwa.

Hapo kwenye maneno nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi nyingi zinapotengenezwa au kuharibika.

Kode Penali yetu, sheria ya jinai, inatofautisha. "We ni mwizi" peke yake ni tusi la hadharani, kifungu 75 cha Kitabu cha 2, na adhabu yake inaishia miezi 2. "Umeiba sabuni 2, uliziweka ndani ya sakoshi" ni kumtwika mtu tendo maalumu la kumvunjia heshima. Hicho ni kifungu 74, kile utakachosikia parke, ofisi ya waendesha mashtaka, wakikiita "imputation dommageable", siku 8 mpaka mwaka 1. Kama walimpeleka polisi na kumshtaki kwa uongo, kuna kifungu 76, na hicho kinafika miaka 5. Ndiyo maana kuandika "walimtukana mama" hakutoshi. Andika sentensi yenyewe, nani aliisema, alisimama wapi, watu wangapi walikuwa karibu.

Kosa la vifungu 74 na 75 linazeeka, yaani haliwezi kushtakiwa tena, baada ya mwaka 1 tangu siku lilipotendeka. Ukikaa ukingoja meneja "arudi kutoka Kinshasa", mwaka unakwisha.

Lakini usikimbilie jinai. Kifungu 74 kinataka pia nia mbaya, na hapo mlinzi anajitetea kirahisi: mlango ulilia, nikafanya kazi yangu. Kwa mtu anayetaka heshima yake irudishwe, naona njia ya madai ina nguvu zaidi. Kode Sivili, sheria ya madai, Kitabu cha 3, kifungu 258, inasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Kifungu 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu, kwa hiyo nia mbaya haihitajiki. Kifungu 260 kinamfanya mwajiri ajibu kwa makosa ya wafanyakazi wake. Kumwaga sakoshi ya mtu kabla ya kumuuliza tike ni uzembe ambao hata mtoto anauona.

Watu wanauliza pia kama mlinzi alikuwa na haki ya kumsimamisha. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 6/8/1959 inaruhusu mtu yeyote kumshika anayenaswa papo hapo katika kosa lenye adhabu ya miaka 3 au zaidi, na wizi unafika 5. Lakini inamtaka ampeleke mara moja kwa OPJ (ofisa wa polisi anayepeleleza makosa) au mamlaka ya karibu. Haimruhusu kumfungia depo (stoo) kwa muda wa saa 2, kumvua nguo, wala kumtoza "amende" (faini) ya mara 10 ya bei. Magazini haina amende; amende ni ya sheria. Ukijikuta unaambiwa usaini karatasi ili utoke, usisaini. Ukiombwa kufungua sakoshi, toa vitu mwenyewe kimoja kimoja juu ya meza, mbele ya shahidi. Na usitoke nje mbio hata ukiwa na hasira namna gani: neno "mwizi" likipigwa kelele barabarani hapa kwetu, umati haungoji tike. Mtu anaweza kuuawa kwa neno hilo. Ndiyo sababu mimi silichukui kama jambo dogo la "mteja hakufurahi".

Sasa barua. Kifaransa chepesi, ukurasa 1, kwa sababu mwenye magazini mara nyingi si mtu wa hapa na karatasi itapita kwa avoka (wakili) wake. Anza na mambo yaliyotokea kwa mpangilio wa saa, bila hasira na bila kumrushia mtu sifa mbaya. Ambatanisha fotokopi ya tike. Kisha sema unachotaka, kwa hesabu: barua ya msamaha iliyosainiwa na meneja na kugongwa kashe, nakala yake kubandikwa mlangoni siku 7, meneja kuisema kwa mdomo mbele ya walinzi na walipishaji wa zamu ile, mama akiwepo. Wape siku 8 za kujibu. Kama mama amepoteza usafiri na siku ya kazi, taja kiasi halisi. Fidia ya heshima unaweza kudai franka 1 ya alama tu, na hiyo inawazuia kusema umekuja kutafuta pesa.

Usiandike kamwe "mkinipa dola 1000 nitanyamaza". Sentensi hiyo moja inaweza kukugeuza wewe kuwa mtuhumiwa.

Waandikie msamaha wenyewe, usiwaachie. Mfano:

"Tarehe fulani, saa 16:25, mlinzi aliyekuwa kazini kwetu alimsimamisha Mama fulani mlangoni na kumshtaki mbele ya wateja kwamba ameiba sabuni. Sabuni hizo zilikuwa zimelipwa kwenye kese 4, tike namba fulani. Shtaka hilo halikuwa la kweli. Kosa ni letu. Tunalifuta neno hilo, na tunamwomba radhi mbele ya wote waliolisikia."

Wakirudisha maandishi yao, tafuta maneno mawili. La kwanza ni "malentendu". Magazini wanalipenda sana. Kutoelewana kunataka watu wawili. Hapa mmoja alilipa na mwingine alimsingizia. La pili ni "kama ulijisikia vibaya". Hilo linaomba radhi kwa moyo wa mama, tendo la mlinzi linabaki safi. Yafute kwa kalamu, urudishe.

Watasema pia mlinzi si wao, ni wa kampuni ya gardiennage (ulinzi). Mara nyingi ni kweli. Ndiyo maana barua inakwenda kwa wote wawili, kila mmoja na nakala yake, na kila mmoja anaona jina la mwenzake. Mlango ni wa magazini, amri ya kukagua mifuko imetolewa na magazini. Wasimalize kwa kumfukuza mlinzi. Na wewe usiombe afukuzwe. Kijana wa mshahara mdogo anatupwa nje, meneja anasema "tumechukua hatua", na mama bado hajaombwa radhi na mtu yeyote.

Peleka nakala 2. Moja inabaki kwao, nyingine inarudi nawe ikiwa na tarehe, jina, saini na kashe ya aliyepokea. Bila hiyo barua haijafika. Wakikataa kupokea, usigombane na dada wa mapokezi. Muulize wisie wa tribinali, yule anayepeleka karatasi za mahakama, gharama ya kuipeleka rasmi. Wengi hubadilika wanapomwona wisie mlangoni.

Wakikuita kikaoni, nenda na mtu mzima mmoja mtulivu, mjomba au shangazi anayejua kusema, na yeye ndiye azungumze. Mama asizungumze kwanza; akianza kulia, kikao kinageuka kuwa cha kumtuliza. Msikubali kinywaji kabla ya karatasi. Picha za tukio msizisambaze WhatsApp kabla ya siku 8 kwisha, maana ukiita magazini "majizi" hadharani, kifungu 75 kinaweza kukugeukia. Ila wao kama wameweka picha ya mama ukutani au kwenye kundi la walinzi, piga picha ya skrini yenye tarehe, na kuiondoa kuwe dai la kwanza katika barua.

Siku 8 zikipita kimya, nenda Baro ya Haut-Katanga, chama cha mawakili, uulize ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Barua ya pili, yenye kichwa cha avoka, inajibiwa mara nyingi kuliko ya kwanza. Wakiendelea kukataa, tribinali ya amani inaweza kupelekewa kesi ya kifungu 74 moja kwa moja na aliyeumizwa, kwa citation directe, bila kungoja parke, na papo hapo mnadai fidia. Hapo ndipo karatasi ya kamera, tike na mashahidi 2 vinapolipa.

Siku ya kusaini, soma jina la mama herufi kwa herufi, namba ya tike, tarehe. Kashe iguse saini. Orijinali ibaki kwa mama, si kwa avoka. Na fotokopi moja mpelekeeni yule mama wa kabini, kwa sababu ndiye anayekaa mlangoni pale kutwa, na ndiye watu wa mtaani wanamuuliza siku ile kulitokea nini.