Folda ya pamoja inaonekana, lakini haifunguki

SWALI: Kompyuta yangu ni ya Windows, na ndani ya VirtualBox (programu ya kuendeshea mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) nimeweka Ubuntu. Folda ya pamoja niliyoiita “kazi” naiona upande wa Ubuntu, ila nikiibofya naambiwa sina ruhusa. Nifanyeje? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ikiwa inaonekana, Guest Additions (programu za nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya Ubuntu) zimeshakaa sawa, kilichobaki ni kidogo. Folda inayojiunganisha yenyewe hukaa kwenye /media/sf_kazi, na wenye ruhusa nayo ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) na kikundi cha vboxsf tu. Jiingize kikundini:

sudo adduser $USER vboxsf

Halafu uiwashe upya mashine pepe. Kufunga na kufungua terminali hakutoshi, kwa kuwa vikundi vyako husomwa unapoingia kwenye akaunti. Usihangaike na chown (amri ya kubadilisha mmiliki wa faili): umiliki wa folda hii hupangwa wakati inapounganishwa, si baadaye.

Folda ikitoweka baada ya Ubuntu kusasisha kenele (kiini cha mfumo), mara nyingi ni kwamba moduli za Guest Additions zilijengwa kwa kenele ya zamani. Andika:

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

kisha sakinisha Guest Additions upya kupitia menyu ya “Devices”.

Jambo moja zaidi, maana wanaoandika programu hunaswa hapa kila mara: folda ya pamoja ni ya kupitishia mafaili, si ya kufanyia kazi. VirtualBox kwa kawaida hairuhusu viungo vya symlink (njia za mkato zinazoelekeza kwenye faili nyingine) kuundwa humo, ndiyo maana npm install (amri ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript) hukwama katikati. Nakili mradi kwenye /home kwanza.

SWALI: Ubuntu yangu ni ya seva, haina madirisha. Nataka kuingiza faili moja tu, lakini hata nikiping 10.0.2.15 kutoka Windows sijibiwi. — Msomaji, Kisumu

JIBU: Hutajibiwa. Anwani hiyo iko nyuma ya NAT, mpangilio wa mtandao unaoificha mashine pepe nyuma ya kompyuta yako: mashine pepe hutoka nje, wa nje haingii mpaka umfungulie poti. Ndani ya Ubuntu sakinisha openssh-server, programu ya kupokea miunganisho ya SSH. Kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine hiyo, fungua “Port Forwarding” uongeze kanuni ya TCP: Host Port 2222, Guest Port 22. Kisha upande wa Windows tumia scp, amri ya kunakili faili kupitia mtandao:

scp -P 2222 ripoti.pdf jina@127.0.0.1:

Weka jina lako la Ubuntu palipoandikwa “jina”, na usiisahau nukta pacha ya mwisho; bila hiyo scp hunakili faili papo hapo kwenye Windows. P nayo iwe kubwa: ndogo hutunza tarehe za faili, na 2222 itachukuliwa kuwa jina la faili.