Ushauri wa usalama wa mionzi: anza kwa kuajiriwa

Ndugu, umeuliza kama shahada ya fizikia inatosha kufungua ofisi ya ushauri wa usalama wa mionzi. Kwa maoni yangu, bado. Tafuta kwanza kazi hospitalini au kiwandani, ushike vipima mionzi mwenyewe, usome kumbukumbu za dozi za wafanyakazi, yaani kiasi cha mionzi walichopokea, ukokotoe unene wa risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi) unaohitajika kwenye kuta za chumba cha eksirei.

Vikomo vya dozi utavijua upesi: mfanyakazi wastani wa milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, mtu wa kawaida 1 tu. Kazi ngumu ni kumweleza muuguzi mjamzito mwenye hofu, kwa ukweli na bila kumdharau. Wengi hulipuuza hilo, nami linaniuma. Leseni ya mshauri iombe baadaye, ukiwa na kazi za kuonyesha.