Muuguzi Mpya na Mlezi Wake Wapangwe Zamu Moja

Katika mwezi wangu wa tatu kazini niliandika barua ya kuacha kazi, nikaikunja na kuitia katika mfuko wa sare. Usiku wa kuamkia siku hiyo hali ya mgonjwa wangu mmoja ilikuwa imebadilika ghafla, nami, ingawa nilikuwa nimeziona pumzi zake zikienda mbio, nilisita kumwita daktari kwa kuogopa kuonekana sijui kazi. Mgonjwa alipona. Barua sikuipeleka, kwa sababu baada ya makabidhiano ya zamu muuguzi mmoja mzoefu aliketi nami, akaniuliza niliona nini kwanza, nini baadaye, na nini kilichonizuia kuinua simu.

Tangu hapo nimewalea wauguzi wapya kadhaa, na ninaamini kwamba wengi hawaikimbii kazi kwa uzito wake, bali kwa kuubeba uzito huo bila mtu wa kumwuliza. Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1974 kuwa ni mshtuko wa kukutana na uhalisia: mafunzoni unajifunza kumhudumia mgonjwa mmoja kikamilifu, wodini unakabidhiwa wengi kwa pamoja. Mtafiti mwingine wa uuguzi, Patricia Benner, aliandika mwaka 1984 kwamba muuguzi huanza kuimudu kazi vyema baada ya miaka 2 au 3 katika mazingira yaleyale. Anayedaiwa umahiri huo baada ya wiki chache anadaiwa asichokuwa nacho.

Ukipewa jukumu la kumlea muuguzi mpya, omba mpangwe naye zamu moja katika miezi ya mwanzo, kwa maana mlezi anayeonana na mwenziwe wakati wa makabidhiano tu ni jina kwenye karatasi. Mwache akokotoe dozi mwenyewe kabla hujamsahihisha. Msimulie makosa yako. Mimi huanza na ya usiku ule.

Wakuu wa wodi nao wahakikishe kwamba mlezi siye anayejaza fomu ya tathmini, kwani ni nani atakayemfunulia hofu zake mtu aliyeshika kalamu ya kumwondoa? Tena wampunguzie mlezi wagonjwa, la sivyo maswali ya mwanagenzi yatageuka kero.

Nawe uliye mpya, ikiwa hukupangiwa mlezi, mtazame yule ambaye wenzake humwita wanaposhindwa kuupata mshipa, kisha umwombe robo saa baada ya zamu.