Mbona nazidi kuwa mzito badala ya mwepesi?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mie niko Chake Chake, Pemba, nimeanza darasa la mbio la waanzao mwezi wa Novemba, saivi ni Februari. Tulianza dakika 2 kukimbia 1 kutembea mara nane, sasa tuko 5 kwa 1 mara sita. Mwanzo simu ilikuwa inanipa dakika 7:50 kwa kilomita nikiwa nakimbia, sasa 8:40 na kwenye vilima 9 inapita. Wenzangu wawili washaniacha. Narudi nyuma au vipi? Na muundi wa kulia unauma kidogo.

JIBU: Waalaykum salaam dadaangu. Hujarudi nyuma hata kidogo, simu ndo inakuchanganya.

Piga hesabu. 2 mara nane ni dakika 16 za kukimbia, na kila ukianza kutweta unapumzishwa, mtu lazima aende kama anakimbizwa na ng'ombe. Sasa unakimbia dakika 30, karibu mara mbili, afu unataka spidi ile ile? Na hapo hatujatia kaskazi. Mwezi wa pili huu joto limekaza na hewa ina unyevu, jasho linatiririka tu halikauki, kwa hivyo mwili haupoi, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi na moyo unapiga zaidi kwa mwendo ule ule. Saa 12 asubuhi na saa 2 ni siku mbili tofauti, msizilinganishe. Pemba nayo si tambarare, barabara ni kupanda na kushuka, namba ya kilima haina maana yoyote mie naifutaga kabisa.

Spidi yako ipime kwa pumzi. Si unavijua vikundi vyetu vya mazoezi vinavyopita barabarani alfajiri wanaimba, mmoja anaimbisha wengine wanaitikia? Watu wanaona ni mbwembwe lakini mie naona ile ndo saa bora kuliko ya mkononi, ukiweza kuitikia mstari mzima bila kukata katikati uko kwenye mwendo wako, ukibaki unaitikia neno moja moja punguza, hata kama umeachwa. Hao wenzako wawili waache waende, uliza tu kama wanaweza kuongea huko mbele.

Sasa kama unataka namba ya kweli nenda uwanja wa Gombani, raundi ya ndani kabisa ni mita 400, ukimbie raundi tano. Raundi ya kwanza iwe ndo nzito kuliko zote, dakika 3 na sekunde 40 hivi, zinazofuata 3:30, ambayo ni sawa na 8:45 kwa kilomita. Waanzao karibu wote wanafanya kinyume, wanafyatuka raundi ya kwanza afu ya tatu wanashika kiuno. (Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alitoka mbele tangu mwanzo Christchurch 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500, sawa, lakini sie si Bayi.) Kila baada ya wiki nne rudia raundi tano, saa ile ile, pumzi ile ile ya kuitikia. Ukitoka dakika 18 ukaja 17 na nusu bila kutweta zaidi, hayo ndo maendeleo.

Muundi sasa, hapa ndo nataka unisikilize. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, mifupa na kano zinataka miezi, ndo maana mtu anajiona ana pumzi anaongeza, mguu unakataa. Baki kwenye 5 kwa 1 wiki mbili nyengine, siku tatu kwa wiki, usikimbie siku mbili mfululizo, na viatu kama soli imelala badilisha. Maumivu yakiwa yametanda kwenye muundi wote na yanapungua ukipumzika, punguza tu. Lakini ukibonyeza kwa kidole ukakuta pahala pamoja panauma hasa, au pauma hata ukitembea kwenda sokoni, acha kukimbia kabisa uende kwa daktari, mfupa unaweza kuwa umeanza ufa.