Mmalawi aliyemvuta Mtanzania

Swali lenu la wiki hii mmeuliza: askari gani kijana aliyefia vitani akapewa nishani ya ujasiri, na unaona hatumkumbuki inavyotakiwa? Najua wengi watawataja wa Kagera na wala sina ugomvi nao, baba yangu mdogo alienda huko akarudi na sikio moja halisikii, ila mimi wa kwangu sio Mtanzania. Anaitwa Chancy Chitete, praiveti wa jeshi la Malawi, na naandika kutoka Kyela ambapo Malawi ni ng'ambo ya mto tu, unapita Kasumulu pale unavuka Songwe umefika.

Kwa wasiojua stori yenyewe ni hivi. Novemba 2018, kule Kongo upande wa Beni, Kivu Kaskazini, wale walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakaingia msituni kuwafuata ADF, waasi ambao asili yao ni Uganda ila wameshakaa Kongo miaka na miaka wanachinja wanavijiji. Kipindi kile Beni ilikuwa na balaa mbili kwa mpigo, maana Ebola ilikuwa imetangazwa tangu Agosti 1 mwaka huohuo, na watu wa afya walikuwa wanashindwa kufika kwenye vijiji kwa sababu ya hao hao ADF. Walioingia msituni walikuwa Wamalawi na Watanzania, wote wa ile brigedi maalumu iliyoundwa 2013 ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ile iliyowatoa waasi wa M23 nduki mwaka uleule, mnaikumbuka, kamanda wake wa kwanza alikuwa wa kwetu, Jenerali Mwakibolwa.

Sasa mapigano yakawa makali, risasi zinakuja kama mvua, na katika hiyo hekaheka koplo mmoja wa jeshi letu, JWTZ, Ali Khamis Omary, akapigwa akajeruhiwa vibaya, hawezi kusogea, yuko wazi kabisa. Chitete akamwona. Akamfuata, akamvuta mpaka penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na hapohapo akiwa anamhudumia ndipo yeye mwenyewe akapigwa risasi. Omary akaokoka. Chitete hakuokoka. Kwenye operesheni ile walikufa Wamalawi 6 na Mtanzania 1.

Mei 2019 New York, Katibu Mkuu António Guterres akamkabidhi mjane wake ile nishani inayoitwa ya Kapteni Mbaye Diagne, ambayo Umoja wa Mataifa unatoa kwa ujasiri wa kipekee. Na sio nishani ya kugawa kama pipi. Baraza la Usalama liliianzisha 2014, ya kwanza kabisa 2016 ilienda kwa familia ya huyohuyo Diagne, Msenegali aliyekuwa Kigali wakati wa mauaji ya 1994, alikuwa anawapitisha watu kwenye vizuizi wachache wachache ndani ya gari lake, anataniana na wale wenye mapanga, anawapa sigara, mpaka kombora likamkuta kizuizini Mei 31. Baada ya hapo ikakaa miaka mitatu haina mwenyewe, aliyefuata ni Chitete. Yani fikiria walinda amani wote duniani, halafu kijana wa Malawi ambaye jina lake ukilitaja Kyela stendi watu wanakuuliza ni mchezaji wa timu gani.

Hilo ndilo linaloniuma. Sisi ndio tuliookolewa mtu wetu.

Niwaambie kwanini naliona hivi. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mjeda na alishakaa Beni karibu mwaka mzima, sio kipindi kile cha Chitete, alitangulia. Akarudi kakondeana na kakomaa, hasemi sana. Siku moja tumekaa uani kwa mama mkubwa, kakao imeanikwa kwenye turubai, stori ya huyu Chitete ikaingia, na mimi kwa ujinga wangu nikasema lakini si alimvuta tu, nikimaanisha sio kwamba alipigana na watu 50 peke yake kama kwenye picha za kihindi. Kaka akaniangalia. Akaingia ndani akachukua begi lake la mgongoni, akaweka mchele kilo 20, akalivaa, akalala chali pale pembeni ya kakao akasema haya dada, nivute.

Nikamshika mikono. Akasema usishike mikono, shika mabegani, kwenye mikanda ya begi, rudi kinyumenyume, na usisimame, ukisimama umekwisha. Jamani. Nilijitutumua nikavuta, visigino vikaserereka nikakaa chini matako, kaka hajasogea hata shubiri. Mume wangu akacheka akasema ngoja, na yeye ni mtu wa kubeba magunia ya mpunga kila msimu, akainama akamvuta labda urefu wa lile turubai, jasho linamtoka, mama mkubwa katoka na mwiko anafoka mnamwaga kakao yangu nyie watu wazima mna nini. Tukacheka wote. Kaka bado kalala pale chini, akasema taratibu tu, na hapo hakuna anayekupiga risasi, na mimi silii.

Tangu siku hiyo neno "alimvuta" nikilisoma mahali huwa nalisoma mara mbili.

Alafu kuna hili ambalo kaka alinieleza na mimi sikulijua. Nilidhani wale wakienda kule wanavaa nguo moja, kumbe hapana, kila jeshi linavaa kombati zake, la pamoja ni ile kofia ya bluu na alama ya Umoja wa Mataifa, na begani kila mtu ana bendera ya kwao. Kwahiyo Chitete hakukosea mtu. Alijua kabisa anayemfuata ni Mtanzania, sio wa kikosi chake, sio wa kwao, labda hata jina lake alikuwa halijui.

Na sisi na Malawi hebu tusidanganyane, tuna maneno yetu. Wa huku ziwani mnaelewa. Ukisema Ziwa Nyasa mwenzako anasema Ziwa Malawi, tayari mmeshanuniana. 2012 ilipamba moto kisa habari za kutafuta mafuta, wao wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 wanasema maji yote ya upande huu ni yao mpaka ufukweni, sisi tunasema mpaka unapita katikati, wazee huku kwetu walikuwa wanauliza kwahiyo mtoto akienda kuoga ameshavuka mpaka? Ilifika mahali watu wanaongea vita kabisa, vita na Malawi, wakati Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga wakikaa pamoja wanasikilizana kila mtu na lugha yake, na tumeoleana mpaka hujui nani wa wapi. Miaka sita tu baada ya kelele zile ndio huyu kijana anakufa msituni Kongo amemshikilia koplo wetu. Sikusikia mtu wa redioni anaziweka hizo habari mbili pamoja, labda zilisemwa mimi nikiwa sokoni.

Kuna watakaosema tunao wetu wengi mbona hatuwakumbuki. Ni kweli na mimi sipingi. Desemba 2017, mwaka mmoja nyuma yake, kambi yetu ya walinda amani kule Semuliki, Kongo hukohuko, ilivamiwa, tukaletewa majeneza 14 yamefunikwa bendera, niliangalia kwenye tivii pale dukani na wateja wangu hakuna aliyenunua kitu. Guterres mwenyewe alisema halijapata kutokea shambulio baya hivyo dhidi ya walinda amani kwa miaka ya karibuni. Hao nao ukiuliza majina leo sijui nani atakutajia hata mawili. Na yule Mtanzania mmoja aliyekufa siku moja na Chitete, yeye hakupata nishani ya Diagne, wala wale Wamalawi wengine watano, wao wana ile ya Dag Hammarskjöld ambayo hupewa kila aliyefia kwenye kazi ya kulinda amani. Hammarskjöld mwenyewe si alikufa 1961 ndege imeanguka kule Ndola, safari ni ya mambo ya Kongo hiyohiyo. Kongo imekula watu jamani.

Kwahiyo sisemi Chitete peke yake ndio shujaa. Ninachosema mimi, wetu tukiwasahau tunajisahau wenyewe, tunaumia wenyewe, lakini huyu alikufa kwa ajili yetu na hana mtu hapa wa kumsemea. Ile sanamu ya Askari pale Dar, ya tangu 1927, ya waliopigana Vita ya Kwanza ya Dunia, wengi mnaipita kila siku mkiwahi Posta, imeandikwa chini kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Nilivyoisoma mara ya kwanza nilizunguka kutafuta majina, hakuna. Na bado hao angalau waliahidiwa. Chitete hakuwa anapigania nchi yake, Kongo sio Malawi, na aliyemwokoa sio Mmalawi, sasa kwa maneno ya pale chini nani atakumbuka?

Mmeuliza pia tungefanya nini. Mimi sitaki sanamu, sanamu zinanyewa na ndege. Ningependa pale Kasumulu, kwenye foleni ya kugonga pasipoti ambapo madereva wa malori wanakaa siku nzima hawana cha kusoma, pawe na kibao chenye jina lake na la Omary, kwa Kiswahili na Kichewa, mistari minne inatosha. Na Julai 25, Siku ya Mashujaa, wakiwataja mashujaa waliozikwa Kaboya na Naliendele wamtaje na huyu, sekunde tano tu.

Mwanangu mwaka jana shuleni walipewa kazi waandike "Shujaa wangu". Akaniuliza, nikamsimulia yote haya na ya begi la mchele, akakaa akaandika kurasa mbili, "Chancy" kaliandika "Chansi" nikaliacha hivyohivyo. Akarudi nayo jioni. Mwalimu kamwambia ni nzuri ila huyu sio wa kwetu, akaandike upya achague Mtanzania. Sikwenda kugombana, walimu wana kazi zao na madarasa yamejaa. Mtoto akaandika Mkwawa, ukurasa mmoja, akapata 17 kwa 20. Zile mbili za kwanza alitaka kuzitupa nikamwambia nipe, ziko kwenye droo ya dukani chini ya daftari la madeni.